Funga Mbili, Sura Moja

Tume ya uchunguzi ilikuwa ikae saa nane mchana. Tumpe Mwakibete alifika kwenye chumba cha uendeshaji cha handaki la Ukwama saa tatu asubuhi, akiwa na karatasi moja tu ya kusaini. Maneno yake yalikwisha kuandikwa makao makuu: kwamba Sare, mfumo unaochora vioo vya waendeshaji, imekaguliwa na kukutwa nzima, na kwamba kilichomuua fundi Ambilikile Mwasomola siku kumi na moja zilizopita ni kosa la mwendeshaji. Yeye alitakiwa kukaa mbele ya mashine dakika chache, ili akiulizwa aweze kusema ameiona, kisha aweke jina lake chini.

Kwenye benchi la korido alikaa mwanamume wa miaka hamsini na nane, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye wa Sare?"

"Ndiyo mimi. Naitwa Tumpe."

"Mimi Gwakisa. Wamekuambia nilifunga mlango."

"Kumbukumbu za mashine zinasema hivyo, baba. Mlango wa hewa namba sita, saa nne na dakika saba, kwa mkono wako."

"Mimi nilifunga taarifa," alisema polepole, kama mtu aliyekwisha kuyarudia maneno hayo mpaka yamechuja. "Taarifa ya zamu. Niliandika, nikamaliza, nikafunga. Sikugusa mlango wa mtu."

Tumpe alikwisha kuyasoma hayo kwenye jalada. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: mwendeshaji anakana. Akamwitikia kwa kichwa, akaingia ndani.

Zamu ilikuwa ya Sikitu Ngailo, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyezungumza bila kuondoa macho kwenye kazi. Mbele yake kilisimama kioo kipana kama meza ya kulia watu wanane, na ndani ya kioo yalikuwamo madirisha matano: feni, ishara za treni, milango ya hewa, kamera, na taarifa ya zamu. Yote yalikuwa na rangi ya maziwa, pembe zimeviringwa, herufi za ukubwa mmoja, vitufe vya kijani vimekaa chini upande wa kulia. Ungesema yameshonwa na cherehani moja kutoka jora moja.

Tumpe alipokiona kioo kile moyo ulimchangamka, hata katika siku kama ile. Ilikuwa kazi ya miaka yake kumi na minne.

Kabla ya Sare, vyumba vya namna hii vilikuwa kama gulio. Mashine zote zilitumia mfumo wa uendeshaji wa Linux, kwa kuwa ilikuwa ya bure na mafundi wa kila kituo waliweza kuitengeneza wenyewe. Lakini uhuru huo ulikuwa na gharama yake. Kituo hiki kilichagua eneokazi, yaani sura ya madirisha na vitufe, la GNOME, kile cha KDE, cha tatu eneokazi jepesi la mashine kuukuu. Programu iliyoundwa kwa ajili ya eneokazi moja, ukiifungua kwenye jingine, ilikaa kama mgeni aliyekosea harusi: vitufe vikubwa kati ya vidogo, dirisha jeusi kati ya meupe, maandishi madogo kama sisimizi. Watu waliandika mitindo ya rangi na maumbo ili kuzilazimisha zifanane, na kila mwaka programu mpya zilikuja na kuikataa. Mwendeshaji aliyehamishwa kutoka handaki kwenda bwawani alihitaji miezi mitatu kuzoea. Mmoja wao, msimu wa masika, alitafuta kitufe kwa sekunde arobaini. Alipokipata, maji yalikwisha kuchukua daraja na watu waliokuwa juu yake.

Ndipo Tumpe na wenzake wakaiunda Sare. Sare haikungoja programu zikubali. Ililitazama dirisha kama binadamu anavyolitazama, ikasoma, ikaelewa kila kitufe kazi yake ni nini, kisha ikalichora upya. Sasa ilivalishwa vyumba mia nne na kumi na viwili: mahandaki, mabwawa, migodi, mitambo ya oksijeni. Miezi mitatu ya kuzoea ikawa siku tisa.

"Dada Tumpe," Sikitu alisema, "ngoja nimalizie taarifa ya saa hii, halafu nikupishe kiti."

"Usiwe na haraka."

Ndani ya handaki, kwenye kichochoro namba tisa, walikuwamo mafundi wanne wakichomelea bomba. Vichochoro hivyo vilichimbwa pembeni mwa reli, na kila kimoja kilikuwa na mlango mzito unaopitisha hewa ya feni kubwa. Handaki likishika moto, mwendeshaji huufunga ili moshi usiwaingilie watu, na ukishafungwa hukaa hivyo dakika kumi na mbili, asije mtu aliyeshikwa na hofu akaufungua kabla ya wakati. Siku ya moto, mlango ule ni uhai. Siku ya kawaida, fundi anapochomelea ndani na moshi wa kazi yake hauna pa kutokea, dakika kumi na mbili ni nyingi mno. Ambilikile hakuzimaliza.

Treni ya mizigo isiyo na dereva iliingia kutoka magharibi, mabehewa arobaini. Sikitu alihifadhi taarifa yake, akanyanyua kidole kuelekea kitufe cha Funga. Treni ilikuwa inakikaribia kichochoro cha tisa, na dirisha la milango ya hewa likajileta mbele lenyewe, kama lilivyoagizwa kufanya kila treni inapowakaribia watu. Likatua juu ya taarifa. Ukubwa ulikuwa uleule, na rangi ileile. Pale palipokuwa na Funga ya taarifa pakawa na Funga ya mlango, na kidole kilikwisha kuwa njiani.

"Toa mkono!"

Tumpe mwenyewe hakujua kama ana sauti kubwa kiasi kile. Kidole cha Sikitu kilisimama, kati yake na kioo hapangeweza kupita punje mbili za mchele.

"Kuna nini?"

"Soma juu ya dirisha."

Sikitu akasoma. Midomo yake ikatamka taratibu: mlango wa hewa namba tisa. Kwenye kamera, wale mafundi wanne walikuwa wameinama, cheche zinaruka, mmoja anacheka na mwenzake. Sikitu akaurudisha mkono kifuani kama aliyeungua.

"Mungu wangu," alisema. "Mimi nilikuwa nafunga taarifa."

Tumpe akatafuta kiti kwa mkono, akakaa. Maneno yalikuwa yaleyale aliyoyasikia koridoni.

"Lakini kinauliza," akasema, akishikashika kama mtu anayezama. "Ukibonyeza, kinauliza kwanza: Una hakika?"

"Vyote vinauliza una hakika, dada. Taarifa inauliza, kamera inauliza. Kutwa nzima tunajibu ndiyo."

Programu ya milango iliundwa nchi ya mbali. Katika lugha ya walioiunda, kuliondoa dirisha kwenye kioo ni neno moja na kuukaza mlango wa chuma ni neno lingine. Sisi tuna moja. Tunafunga dirisha, tunafunga mlango, tunafunga mzigo, tunafunga mtu jela, na mwezi mtukufu ukiingia tunafunga pia. Sare ilisoma Kiswahili, ikakuta neno moja, ikalipa sura moja na mahali pamoja. Ilitii walichoifundisha.

Jambo moja lilibaki kumsumbua Tumpe. Alikumbuka, kwa mbali, kwamba mwanzoni walikuwa wameliona hili. Akaufungua mkoba, akatoa kompyuta yake, akaingia kwenye historia ya msimbo, yaani maagizo yanayoiendesha Sare, mahali ambapo kila badiliko huandikwa na jina la aliyelifanya. Haikuchukua muda. Toleo la kwanza lilikuwa na orodha ya vitufe visivyoguswa: vile vinavyoweza kudhuru mtu viliachwa na sura yao ya kiwandani, na kuzungushiwa fremu nyekundu nene. Orodha hiyo ilifutwa miaka mitatu iliyopita. Kwenye nafasi ya sababu kulikuwa na maneno mawili: Inaharibu mwonekano. Chini yake, T. Mwakibete.

Aliukumbuka mchana wenyewe. Wageni walikuwa waje kuiona Sare, na zile fremu nyekundu zilikuwa zimekaa kwenye kioo kama chunusi. Alizifuta kabla ya chakula, akaenda kula.

Alitoka koridoni, akampita mzee Gwakisa bila kumtazama, akaenda hadi kwenye ngazi na kumpigia mkurugenzi wake, Bwana Elihaki Mrindoko. Alimweleza yote, hata jina lililo chini ya badiliko. Mrindoko hakumkatiza.

"Pole, Tumpe," akasema mwishowe, na alikuwa na huruma ya kweli. "Sasa nisikilize. Saini ile karatasi. Tutairudisha fremu kwenye toleo lijalo, kimyakimya. Wiki sita tu."

"Wiki sita, bosi? Kila zamu mtu anabonyeza Funga mara sitini. Zidisha kwa vyumba mia nne."

"Unataka niseme nini? Toleo haliwezi kutoka bila kupimwa, sheria uliiandika wewe. Na ukisema tuizime leo, nusu ya waendeshaji hawajawahi kuziona programu zikiwa uchi. Utakuwa umewapofusha."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililomuuma.

"Na mzee huyu?"

"Amebakiza miaka miwili astaafu. Nitazungumza na watu, hatafungwa."

Neno lile. Tumpe akakata simu.

Alikaa kwenye ngazi, kompyuta magotini. Kulikuwa na amri moja ambayo haikuhitaji kibali cha mtu. Waliiweka kwa ajili ya siku ambayo Sare ingeingiliwa na wahalifu: amri ya kuvua. Ukiituma, vyumba vyote vinabaki na programu kama zilivyozaliwa, kwa sekunde ileile. Aliiandika. Kichwani mwake alikuwa akiwahesabu watu: wale mafundi wanne wenye cheche, na wengine kama wao ambao hakuwajua, mahali fulani, mlango wazi nyuma ya migongo yao.

"Unafanya nini, binti?"

Mzee Gwakisa alikuwa amesimama juu yake. Tumpe alimwambia. Alimwambia habari ya vitufe, ya Sikitu, na ya amri iliyokuwa inangoja. Habari ya jina lake mwenyewe alishindwa kuitamka.

Mzee alishika ukuta.

"Saa ngapi sasa?"

"Saa tano na nusu."

"Saa tano na nusu kila chumba kina kitu kinachotembea. Treni, maji, lifti ya mgodi. Unataka kuwavua watu nguo katikati ya barabara."

"Nikiiacha, mtu mwingine atakufa."

"Na ukiivua watakufa wengine. Mimi nilianza kazi kabla ya Sare, hizo sura za zamani nazijua. Sikitu hazijui. Akizungukwa na madirisha matano ya ajabu, treni mbili humo ndani, atabonyeza chochote."

"Sasa nifanye nini, baba?"

"Wenye elimu yenu ni ninyi." Sauti yake ikapanda, ikagonga kuta za ngazi. "Mimi siku ile ningeambiwa tu! Mtu angenipigia simu, aniambie: Gwakisa, angalia, hivi vitufe viwili vimefanana, na kimoja kinaua. Basi. Mimi si mtoto. Ningekitazama kama ninavyomtazama nyoka ndani ya nyumba. Mnatupamba, mnatushonea, mnatufichia, lakini hakuna anayetuambia."

Tumpe aliitazama ile amri. Kisha akaifuta, herufi moja moja, akaanza kuandika kitu kingine.

Sare ilikuwa na njia ya kuvifikishia vyumba vyote tangazo, ambayo kawaida ilitumika kutakiana heri ya sikukuu. Aliandika: "Kwa waendeshaji wote. Kitufe cha Funga cha mlango au lango, na kitufe cha Funga cha taarifa, vina sura moja na vinakaa mahali pamoja. Dirisha la milango linaweza kuja mbele wakati kidole chako kiko njiani. Kwa sababu hiyo mtu amekufa Ukwama. Kuanzia sasa, taarifa ziandikwe kwenye karatasi au mashine nyingine. Kabla ya kubonyeza Funga, soma kichwa cha dirisha kwa sauti. Kulikuwa na fremu nyekundu ya kuwaonya. Mimi ndiye niliyeiondoa. Tumpe Mwakibete."

Alipofika kwenye sentensi ile ya kabla ya mwisho alihisi macho ya mzee juu ya bega lake. Gwakisa aliisoma. Alipiga hatua mbili nyuma, akageuka, akatazama dirishani.

Simu ikalia. Lilikuwa jina la Mrindoko. Huenda mtu wa makao makuu aliyaona maandishi yakiandaliwa.

"Tumpe, usitume. Ukituma umekiri kwa maandishi. Mwanasheria gani atakusaidia? Mwite kila mkuu wa kituo kwa simu, taratibu, bila majina…"

"Vyumba mia nne na kumi na viwili, bosi. Nitamaliza lini?"

"Fikiria wanao."

"Nawafikiria."

Akatuma.

Kwa dakika nne hakukuwa na lolote. Halafu habari ya kwanza ikaja, nayo ilikuwa mbaya: kwenye bwawa moja la kusini, wa zamu walishikwa na hofu, wakasimamisha mitambo yote. Mji mzima ukakosa umeme, na hospitali yake ikahamia kwenye jenereta. Tumpe alisoma mara mbili. Aliomba namba, akazungumza na mkuu wa zamu, akamwelekeza hatua kwa hatua, na ilichukua dakika thelathini na tano kabla mtambo wa kwanza haujazunguka tena. Hakuna aliyekufa huko. Lakini mtu angeweza kufa.

Aliporudi kwenye kioo chake kidogo, majibu yalikuwa yamejaa.

"Imepokelewa. Tunasoma kwa sauti," kiliandika chumba cha handaki la kaskazini. Mtambo wa oksijeni ukauliza kama vitufe vya Funga vya mitungi navyo vimo, akajibu vimo. Kisha yakaanza kuja majibu ambayo hakuyatarajia.

"Hapa ilitutokea mwezi wa pili. Hakukuwa na mtu ndani. Hatukuripoti."

"Mwenzetu alifunga lango akidhani ni kamera. Alipewa onyo, akaacha kazi."

"Sisi tumebandika plasta ya jeraha kwenye kioo tangu mwaka juzi, pale kitufe cha lango kinapokaa. Wakaguzi wakija tunaibandua."

Tumpe alimpa mzee Gwakisa kompyuta. Mzee alivaa miwani, akasoma akishuka chini kwa kidole, jibu moja baada ya jingine, na alipofika kwenye lile la plasta akarudi kulisoma upya.

"Siku kumi na moja," alisema, "nimekuwa nikiutazama mkono huu usiku na mchana. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba niliufunga ule mlango kwa kusudi, halafu nikasahau."

"Nisamehe, baba."

Alimrudishia kompyuta. "Hilo usiniombe leo," akasema, akaenda kuketi mbali naye.

Saa nane tume iliketi katika ukumbi mdogo wa kituo, watu watatu nyuma ya meza. Mstari wa mbele alikaa mjane wa Ambilikile, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cheusi kichwani. Mwenyekiti wa tume alikuwa na nakala ya tangazo mbele yake, lakini alianza na swali lililokuwa kwenye orodha yake tangu jana.

"Bi. Mwakibete. Siku ya tukio, mfumo wa Sare ulikuwa unafanya kazi sawasawa?"

"Sawasawa kabisa, mheshimiwa. Ulifanya kama ulivyoagizwa. Mzee Gwakisa naye alifanya kama alivyozoezwa. Agizo ndilo lililokuwa baya."

Mwenyekiti akafungua mdomo, lakini mjane alikwisha kusimama. Hakuna aliyemkataza.

"Nani aliagiza?" akauliza.

Tumpe akamgeukia, akaiacha tume ubavuni.

"Mimi, mama. Kulikuwa na alama ya kuonya, nikaiondoa. Niliona inaharibu sura ya kioo."

Mjane alimtazama kama anayetaka kuhakikisha kwamba amesikia vizuri. Karani akashika kalamu yake, akaanza kuyaandika maneno hayo.